Nani Atamrudisha Nyumbani?

Mwezi huu katika ukurasa wetu hatutazungumzia chanjo wala uji wa lishe. Tutazungumzia katuni. Usicheke kwanza. Katuni hiyo imetufundisha jambo ambalo miaka yote ya kuvaa sare nyeupe haikutufundisha vizuri, na tumelazimika kumwomba radhi mtoto wa miaka saba. Tukae chini, tusimulie tangu mwanzo.

KANDA ZA BWENINI

Mwaka 1998 tulikuwa wanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya misheni. Tulikuwa wasichana kumi na wawili bwenini, wengi tukiwa mbali na kwetu kwa mara ya kwanza. Mmoja wa walimu wetu alikuwa muuguzi kutoka Ujerumani, mama mpole mwenye miwani mikubwa. Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana alikuwa akitualika nyumbani kwake, anatupa chai na keki, kisha anaweka kanda ya video. Kanda hizo zilikuwa za katuni iitwayo Heidi. Zilikuwa kwa Kijerumani, naye alikuwa akitutafsiria kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani. Kwa mfano, hakusema mbuzi wamepotea. Alisema mbuzi wametoroka kazi. Tulicheka mpaka chai ikatupalia.

Lakini tulilia pia. Binti mmoja wa bwenini kwetu, aliyetoka mbali kuliko sote, alikuwa akianza kulia kabla hata picha haijafika pabaya. Yule mwalimu alimpa leso, akatuambia kwamba hata yeye alikuwa akilia alipoiona akiwa mtoto, ilipoanza kuonyeshwa Ujerumani mwaka 1977.

Basi, mwanzoni mwa mwaka huu tulikuwa jikoni tunakaanga vitunguu. Tukasikia kutoka sebuleni jina, "Heidi!" Tukaacha sufuria jikoni tukaenda kuchungulia. Watoto wetu walikuwa wamejikusanya mbele ya televisheni. Kijana wetu wa darasa la sita alikuwa ameunganisha simu ya baba yake. Na pale kwenye kioo alikuwapo Heidi wetu, mashavu yaleyale, mlima uleule, lakini si wa kuchorwa kwa mkono tena. Alikuwa ametengenezwa kwa kompyuta. Vitunguu viliungua.

HEIDI NI NANI?

Kwa mama asiyemfahamu, tueleze kwa ufupi. Heidi ni mtoto yatima wa Uswisi. Habari zake ziliandikwa na mama mmoja wa nchi hiyo, Johanna Spyri, binti wa daktari wa kijijini. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka mwaka 1880, na ya pili mwaka 1881. Heidi analelewa na mama yake mdogo aitwaye Dete. Dete anapata kazi mjini, anaona mtoto ni mzigo. Anampandisha mlimani na kumwacha kwa babu yake, mzee mkali asiyeenda kanisani na asiyesemezana na watu wa kijijini. Siku hiyo mtoto amevalishwa nguo zake zote, moja juu ya nyingine, ili mama mdogo asibebe furushi. Njiani anazivua moja moja, anabaki mwepesi, anakimbia na mbuzi.

Kila mtu anadhani yule mzee atamtesa. Kumbe mtoto anamlainisha moyo. Analala juu ya nyasi kavu darini, anakula mkate na jibini iliyoyeyushwa motoni, anakwenda machungani na Peter mchunga mbuzi, na anampenda bibi yake Peter ambaye ni kipofu.

Anapofikisha miaka minane, Dete anarudi. Safari hii amempatia nafasi katika nyumba ya tajiri mjini Frankfurt, Ujerumani. Kazi yake ni kumliwaza Clara, binti mgonjwa aliye katika kiti cha magurudumu. Dete anamdanganya kwamba ataweza kurudi wakati wowote atakapo. Basi mtoto anachukuliwa. Kule mjini anapata kitanda kizuri, sahani nzuri, mwalimu wa kumfundisha kusoma, na Clara anampenda sana. Hapigwi. Hanyimwi chakula. Lakini mwangalizi wa nyumba ile, Fräulein Rottenmeier, hataki kusikia jina Heidi. Anamwita Adelheid, jina lake la ubatizo. Mtoto anakonda kimyakimya.

Wajapani ndio walioigeuza hadithi hii kuwa katuni iliyojulikana duniani. Ilionyeshwa kwao kila Jumapili jioni, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 29 Desemba mwaka 1974, sehemu 52. Aliyeiongoza ni Isao Takahata, ambaye alifariki mwaka 2018. Aliyepanga mkao wa kila picha ni Hayao Miyazaki, aliyekuja kuwa maarufu sana baadaye. Mwaka 1973, kabla ya kuanza kazi, walisafiri mpaka Uswisi kuitazama milima yenyewe na nyumba zenyewe. Katuni hiyo ikaenda Hispania, Ujerumani na Italia, na Waarabu nao wakaitia sauti za Kiarabu.

ILE YA ZAMANI NA HII MPYA

Hii mpya ilitoka mwaka 2015. Ilitengenezwa na kampuni ya Studio 100 Animation ya Ufaransa, sehemu 39 za kwanza, na nyingine zikafuata baadaye. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokwisha kumtengeneza upya nyuki Maya mwaka 2012, na Vicky, yule mtoto wa mabaharia wa kaskazini, mwaka 2013. Wote watatu walitoka kwanza kama katuni za Kijapani, Heidi na Vicky mwaka 1974, Maya mwaka 1975. Wafanyabiashara wameelewa jambo moja. Watoto wa miaka ile sasa ni wazazi na bibi, nao hawakatai mtoto akitazama kile walichokipenda wenyewe. Kwa Kijerumani wamebakiza hata wimbo uleule wa mwanzo, ila umeimbwa upya na mwimbaji wa Austria, Andreas Gabalier.

Tulipotulia tukawatafutia watoto vipande vya ile ya zamani ili walinganishe. Kijana wetu alitazama dakika tatu, akauliza, "Mama, mbona mtu amesimama tu?"

Ana haki ya kuuliza. Zamani kila mwondoko ulichorwa kwenye karatasi, ukanakiliwa juu ya kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, ukapakwa rangi, ukawekwa juu ya picha ya mlima na kupigwa picha. Ili kupunguza kazi, mchoro mmoja ulipigwa picha mara mbili au tatu. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama anatazama mawingu, na kinachosogea ni nywele tu. Sasa hivi mhusika anajengwa mara moja ndani ya kompyuta kama mwanasesere mwenye viungo. Baadaye anasogezwa mkono, shingo, jicho, na kompyuta yenyewe inakokotoa kivuli na mwanga. Basi hachoki kukimbia. Mbuzi wanaruka, kamera inapaa kama tai, kila kitu kinang'aa.

Tuseme kweli, mwanzoni tulinung'unika. Nyuso zinateleza kama za plastiki. Mambo yanakwenda mbio. Katika ile ya zamani, Heidi akipanda mlima ulipanda naye, ukahema naye. Mkate ulipochomwa ulisubiri mpaka jibini ichuruzike, na sisi wasichana wa bwenini ambao hatujawahi kuonja jibini tulimeza mate. Katika hii mpya hujamaliza kuutazama mkate, tayari kuna mkasa mwingine.

Kuna na jambo jingine. Katika kitabu cha Mama Spyri, maombi ni sehemu kubwa. Bibi yake Clara ndiye anayemfundisha Heidi kusali. Heidi anaomba arudishwe nyumbani, anaona hajibiwi, anaacha kuomba. Bibi anamwelewesha kwamba Mungu anajua saa iliyo njema. Heidi anaporudi mlimani, anamsomea babu habari za mwana mpotevu, na Jumapili inayofuata mzee anashuka kanisani baada ya miaka mingi. Wajapani waliipunguza sana sehemu hiyo, na katika sehemu za hii mpya tulizotazama hatukuikuta. Mama anayetaka watoto wake waipate itambidi awasimulie mwenyewe. Hilo si baya. Sisi wenyewe tulisimuliwa na mwalimu wetu akiwa ameisimamisha kanda.

Na kwa kuwa sisi ni wauguzi, tumewaambia watoto wetu mambo mawili. La kwanza, maziwa ya mbuzi wanayokunywa Heidi na Peter moja kwa moja kutoka kwenye chuchu yasiigwe. Maziwa yachemshwe, kwa sababu yanaweza kuleta homa ya brusela na magonjwa mengine. La pili ni habari za Clara, anayepanda mlimani na hatimaye anasimama na kutembea. Kitabu hakitaji ugonjwa wake ulikuwa nini. Hewa nzuri, jua na chakula huongeza nguvu, lakini havirudishi miguu iliyopooza. Mama mwenye mtoto asiyetembea asiambiwe na mtu kwamba mtoto wake amekosa imani au amekosa bidii. Mtoto huyo anahitaji mazoezi ya viungo, kiti kinachomfaa, na rafiki kama Heidi.

MTOTO ALIYEONDOKA SEBULENI

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Januari hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto mgeni, binti wa shemeji yetu, mdogo wake mzee wetu. Ana miaka saba. Wazazi wake walitengana akiwa bado ananyonya, akalelewa kijijini milimani na bibi yake, yaani mama mkwe wetu. Katika kikao cha ukoo wakati wa Krismasi ilikubaliwa kwamba bibi amezeeka na shule ya kijijini imejaa watoto. Sisi tuna nafasi, basi tumchukue akasome mjini pamoja na wetu. Tuliona ni jambo jema, na majirani walitusifu. Tulimnunulia sare, viatu, begi na kitanda chake mwenyewe.

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Wiki ya tatu akaanza kukojoa kitandani, mtoto ambaye bibi yake alituambia aliacha tangu ana miaka mitatu. Asubuhi analalamika tumbo. Chakula anakigusa tu. Sisi tukafanya kama wauguzi. Tulimpima malaria, hana. Tulipima mkojo kama una maambukizi au sukari, ni safi. Tulimpa dawa ya minyoo. Tukauliza kuhusu choo, hana tatizo. Tukauliza kwa upole kama kuna mtu amemgusa vibaya, shuleni au njiani. Akasema hapana, na tulimwamini.

Vipimo vilipokwisha, hekima yetu nayo ikaisha. Tukamkataza kunywa maji tangu saa kumi jioni. Tukamwambia afue shuka zake mwenyewe na kuzianika mbele ya nyumba, tukidhani aibu itamsaidia kuacha. Watoto wetu wakaanza kumwita kikojozi, nasi hatukuwakemea kwa nguvu iliyotakiwa. Mpendwa mama, tunaandika haya kwa haya. Kliniki tunawaambia akina mama kila siku kwamba mtoto haadhibiwi kwa kukojoa usingizini kwa sababu hafanyi makusudi. Nyumbani tulisahau.

Sasa siku ile ya Heidi mpya. Watoto waliendelea jioni baada ya jioni, nasi tukikaa nao tukimaliza kazi. Mgeni wetu alipenda sana mbuzi. Mara ya kwanza tulimsikia akicheka kwa sauti. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba kwa bibi yake kuna mbuzi wawili, na anajua kukama. Halafu ikafika sehemu ambapo Dete anarudi kumchukua Heidi. Watoto wetu waliendelea kutafuna karanga. Yeye aliinuka, akaenda jikoni, akasimama nyuma ya mlango.

Tulimfuata. Alikuwa analia bila sauti, mdomo umefunikwa kwa mkono, kama mtu mzima msibani. Tukamwuliza kulikoni. Akasema, "Mama mkubwa, nani atamrudisha nyumbani?"

Tukamwambia asiogope, ni katuni tu, mwishoni atarudi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi sasa hivi nani anamchotea maji?"

Hapo ndipo tulipoona upofu wetu. Mtoto wa miaka saba alikuwa akilala kila usiku akiwaza ndoo ya bibi yake.

DAKTARI ALIYEKESHA MLANGONI

Usiku huo usingizi haukuja. Tulikumbuka kanda za bwenini, sehemu ambayo yule binti wa mbali alikuwa akilia kabla haijafika. Katika nyumba ile ya Frankfurt, kila asubuhi mlango wa mbele unakutwa wazi. Watumishi wanasema kuna pepo. Baba yake Clara anarudi safari, anamwita daktari rafiki yake, wanakesha pamoja na taa. Usiku wa manane wanasikia mlango. Si pepo. Ni Heidi, miguu mitupu, amevaa gauni la kulalia, anatembea usingizini. Katika ndoto zake amerudi kwa babu, anafungua mlango aone nyota.

Daktari hampi vidonge wala unga wa dawa. Anamuuliza polepole anaota nini, kama kifua kinamuuma, kama analia. Heidi anajibu kwamba halii, maana amekatazwa. Daktari anamwambia baba yake Clara kwamba mtoto huyu anaumwa kwa kupakumbuka kwao, arudishwe mara moja kesho.

Mwalimu wetu wa Kijerumani alisimamisha kanda hapo. Akatuuliza sisi wanafunzi, "Daktari amefanya kipimo gani?" Tukasema hakufanya chochote. Akasema amefanya viwili. Amekesha, na ameuliza. Kisha akaendelea na kanda. Miaka imepita mingi, nasi tulikuwa tumepima mkojo na damu, lakini hatukuwa tumekesha wala kuuliza.

Tukaanza kuyaona mengine. Bibi yake alimwita kwa jina la nyumbani, lile la kilugha. Tangu afike kwetu hakuna aliyelitamka. Tulimwita jina la ubatizo lililo kwenye fomu ya shule, kama Rottenmeier. Simu ya bibi ilipigwa mara moja tu kwa mwezi, tena tukizungumza sisi. Na siku alipolia mara ya kwanza, Januari, tulimwambia mtoto mkubwa halii. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya huyu ilikuwa imefungwa na mikono yetu, kwa nia njema kabisa.

TULIVYOAMUA

Asubuhi tulizungumza na mzee wetu. Hakufurahi. Alisema ada ya muhula imelipwa, ukoo utasema tumemfukuza mtoto wa ndugu yake, na kila mtoto hulia mwanzoni, hata yeye alilia alipopelekwa shule ya bweni. Hatukubishana. Tulimwuliza tu alilia muda gani. Alinyamaza, akanywa chai yake, akasema, "Mwaka mzima. Lakini hakuna aliyejua."

Tulianza na madogo. Aibu ya shuka ilikoma siku hiyohiyo. Tuliweka plastiki chini ya shuka, na tukamrudishia maji yake ya kunywa mchana kutwa. Usiku tulimwamsha kwenda chooni kabla sisi hatujalala. Watoto wetu tuliwakalisha, na neno kikojozi likafa. Tulimwomba radhi mbele yao. Tukaanza kumwita kwa jina lake la nyumbani. Kila Jumatano na Jumapili akawa anazungumza na bibi mwenyewe, na habari ya kwanza aliyoitaka ni ya maji. Bibi akamwambia kijana wa jirani anamsaidia. Mikojo ilipungua, lakini haikwisha.

Likizo ya Pasaka tulimpeleka. Tulipofika kwenye kona unapoanza kuonekana mgomba wa bibi, alishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. Bibi hakusema kitu. Alimshika kichwa kwa mikono miwili akamnusa kama wanavyonuswa watoto wachanga. Usiku ule alilala mkavu. Na wa pili. Na wa tatu.

Tulikaa kikao tena, sisi, mzee wetu, bibi na shemeji. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Bibi alitaka mjukuu asome mjini, maana yeye mwenyewe hakusoma. Shemeji alinyamaza, na kunyamaza kwake kulituumiza, kwa sababu ndiye baba. Mwishowe mzee wetu ndiye aliyesema. Alisema mtoto abaki kwa bibi mpaka amalize darasa la nne, likizo ndefu aje kwetu, na ile fedha ya ada ya mjini itumike kwa vitabu, taa ya jua ya kusomea, na kumlipa kijana wa maji. Baada ya hapo ataulizwa mwenyewe.

Hatukwambii kwamba yote yamekuwa sawa. Darasa lake lina watoto wengi sana kwa mwalimu mmoja. Wifi yetu mmoja hatusemeshi, anasema tumemnyima mtoto maisha. Huenda miaka ijayo huyo binti naye atatuuliza kwa nini hatukumng'ang'aniza. Hiyo ni hofu tunayolala nayo. Lakini kwa sasa analala usiku kucha.

KAMA WEWE UNA MTOTO MGENI

Tunajua si kila mtoto ana mahali pa kurudi. Wengine bibi ameshafariki, wengine nyumba ile haifai. Kwa hao tunashauri haya, kama wauguzi na kama akina mama waliokosea.

Mtoto aliyekuwa mkavu miezi mingi kisha akaanza tena kukojoa kitandani, mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe mkojo. Akiwa na kiu isiyokwisha, anakojoa mno mchana pia na anakonda, usingoje hata siku moja, inaweza kuwa kisukari. Vipimo vikiwa safi, tafuta kilichobadilika katika maisha yake: kuhama, msiba, mtoto mpya, ugomvi wa wazazi, mwalimu mkali, au mtu anayemtisha. Usimpige, usimwaibishe, usimnyime maji.

Mtoto anayetembea usingizini usimtikise kwa nguvu. Mwongoze polepole mpaka kitandani, na ufunge milango vizuri ili asiumie.

Mwache aje na kitu cha kwao, hata kama ni kanga kuukuu ya bibi. Mwite kwa jina analolijua. Apige simu mwenyewe, na akilia baada ya simu usikate simu za mbele kwa kudhani zinamharibu. Machozi hayo yanamtibu. Mwambie tarehe ya kurudi kusalimia, na utimize. Dete alisema utarudi wakati wowote, na ule uongo ndio uliomgonjesha mtoto kuliko kitu kingine chochote.

Na kuhusu katuni, watu hutuuliza ipi ni bora, ya zamani au mpya. Moyo wetu uko kwenye ile ya zamani, tusifiche. Kila picha ilichorwa na mtu aliyekaa na kutazama nyasi zinavyoinama. Lakini waliosema nyumba njema si mlango hawakukosea. Hii mpya, pamoja na nyuso zake za plastiki, ndiyo iliyozungumza na mtoto wetu kwa lugha ya macho yake, nayo ikamfungua kinywa. Ile ya zamani ikatufungua sisi. Tulizihitaji zote mbili.

Tunachokuomba, mama, ni hiki. Watoto wakikaa kutazama, wewe usiitumie saa hiyo kuwahi kazi zote za nyumba. Chukua mchele wako wa kuchambua ukae nao. Usitazame kioo peke yake, tazama na nyuso zao. Atakayeinuka na kuondoka wakati wengine wanacheka, mfuate.

Wiki iliyopita tulipiga simu. Binti yetu alituambia mbuzi amezaa, na ametafuta jina la mwanambuzi. Tukamwuliza amemwita nani. Akacheka, akasema, "Dete." Tukashangaa, tukamwuliza kwa nini jina la yule mbaya. Akasema, "Nimemfunga kamba. Haendi popote."

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.